Mfupa wa Nyonga Kwenye Goti: Je, Ni Lazima?



Baada ya swala ya Isha alinijia mama mmoja wa hapa Bugene pamoja na wanawe wawili. Umri wake ni miaka 52, amelima maharage na migomba tangu usichana, na goti lake la kulia limelika upande wa ndani hata mguu umepinda. Daktari amemshauri mguu unyooshwe: mfupa wa muundi ukatwe chini kidogo ya goti, ufunguliwe kwa umbo la kabari, kisha ushikwe kwa bamba la chuma, ili uzito uhamie upande ulio mzima. Hilo amelikubali. Kilichowagawa wanawe ni pengo litakalobaki mfupani. Mkubwa ataka lijazwe mfupa wa kununuliwa nje ya nchi, mdogo akasema, “Na ukiwa wa maiti, au wa nguruwe?”

Mimi si tabibu. Lakini mchango wa matibabu hayo unapita katika daftari langu, nikalazimika kuuliza na kusoma.

Pengo hilo laweza kujazwa kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe utolewao nyongani, kwa mfupa wa marehemu uliosafishwa na kuhifadhiwa, au kwa madini yaliyotengenezwa kufanana na ya mfupa. Wengi hudhani kujaza ni sharti la kupona. Sivyo. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa zaonyesha kuwa pengo dogo, la takriban milimita 10 kushuka chini, likishikwa na bamba imara la kisasa, kwa kawaida huunga lenyewe, kwa kuwa sehemu ile ya mfupa ina damu nyingi. Pengo likiwa kubwa, au ukingo wa pili wa mfupa ukipasuka, madaktari wengi huona heri kujaza. Mfupa wa mwenyewe ni mzuri, ila huleta kidonda cha pili nyongani, nacho chaweza kuuma muda mrefu. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kuunga, na mama huyu hajapima sukari tangu Shaaban! Nikawaambia waanzie hapo, kabla ya kuuza ndizi kwa ajili ya mfupa wa ng’ambo.

Ama hukumu: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, iliruhusu kuhamisha sehemu ya mwili wa mtu kuipeleka mahali pengine katika mwili huohuo, manufaa yakizidi madhara. Cha marehemu kina masharti yake, ikiwemo idhini yake au ya warithi. Imam Nawawi katika Minhaj anampa udhuru aliyeungwa mfupa kwa kilicho najisi kwa kukosa kilicho tohara. Basi tazama: ikiwa nyonga ipo, madini yapo, na pengenye laweza kuunga bila kitu, udhuru wa nguruwe utatoka wapi?

Wakaenda na swali moja la kumpelekea daktari: pengo litakuwa milimita ngapi? Mama alibaki nyuma kidogo. “Katibu mwanangu, nitasujudu vipi?” Nikamwambia ataswali juu ya kiti, ataashiria kwa kichwa, sijida chini kuliko rukuu, mpaka daktari amruhusu kupiga goti.