Moshi Utoke Nje, Usiishie Darini

Nilikwenda kumtembelea ndugu yangu mmoja aliyekuwa amehamia nyumba yake mpya jijini Dar es Salaam miezi michache kabla. Jikoni alinionyesha kwa fahari kifyonza moshi kilichong'ara juu ya jiko la gesi. Shemeji alikuwa akikaanga samaki. Feni ilinguruma, lakini macho yetu yaliendelea kuwasha. Nikauliza bomba lake linatokea wapi, na hakuna aliyejua. Tulipopanda ngazi na kuchungulia darini, tulikuta bomba limeishia hapo hapo, na mbao za paa zimetanda utando wa mafuta.

Fundi alikwisha kulipwa na kwenda zake. Familia iliamini kuwa imejikinga, kumbe moshi ulikuwa umehamishwa tu kutoka sebule moja kwenda ghala moja, na juu yake yakaongezwa mafuta yanayosubiri cheche.

Naandika haya kwa sababu taifa letu limejiwekea lengo kubwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni lengo la kuungwa mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Hata hivyo, mjadala wetu umeelemea mno kwenye kinachowaka jikoni, na umesahau njia ya kutolea hewa. Hata jiko la gesi hutoa naitrojeni dioksidi inayowasha njia za hewa, na mafuta yanayokaangwa hutoa chembechembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa fundi lisiwe bei wala umbo, bali: hewa hii itatokea wapi? Vipo vifyonza visivyo na bomba, ambavyo huchuja hewa na kuirudisha jikoni. Hivyo hupunguza harufu na mafuta, lakini haviondoi kaboni monoksidi. Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi hapakosi moto. Lakini gesi hii haina moshi, rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Anayebandika maharage juu ya mkaa ndani ya jiko lililofungwa, akitegemea kifyonza cha namna hiyo, amejihadaa.

Bomba la kutolea moshi liwe la chuma, si la plastiki. Liwe fupi, lenye kona chache, na litokeze nje ya ukuta au juu ya paa, mbali na dirisha la chumba cha kulala na la jirani. Kwenye jiko la gesi, kifyonza hukaa kwa kawaida sentimita 65 hadi 75 juu ya jiko. Maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kabla ya kutoboa ukuta, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, mtungi wa gesi ufungwe, na ikaguliwe kama kuna nyaya au mabomba ya maji yanayopita hapo. Waya wa ethi usiachwe kamwe, kwa maana jikoni ni mahali pa mikono yenye maji.

Jambo moja husahauliwa hata na mafundi hodari: hewa inayotoka lazima ipate mbadala wake. Jikoni pakifungwa kabisa, feni huvuta hewa kupitia kila upenyo, pamoja na moshi wa jenereta au wa jiko la mkaa lililowekwa mlangoni. Dirisha la upande wenye hewa safi liachwe wazi. Vichujio navyo vioshwe kwa maji ya moto na sabuni angalau kila mwezi, maana mafuta yaliyoganda ni kuni.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wenye majumba. Sikubaliani nao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika nyumba za Wamaasai wa Kajiado nchini Kenya, kofia za bati zilizounganishwa na dohani ziliwekwa juu ya mafiga, na moshi ndani ya nyumba ukapungua sana. Hazikuhitaji umeme. Kilichohitajika ni bati, fundi, na kusikilizwa kwa wanawake wanaopika.

Naona basi kuwa njia ya kutolea moshi ichorwe kwenye ramani ya kila nyumba, kama inavyochorwa njia ya majitaka, na mkaguzi asiidhinishe jiko lisilo nayo. Kwa aliye na kifyonza tayari, kipimo ni chepesi: mmoja awashe feni, mwingine atoke nje akaweke kiganja kwenye mdomo wa bomba. Asipoisikia hewa, amwite fundi arudi.