Safari ya Kupanda Miti Haijazi Basi
MTAZAMO WA WIKI, na Zuhura Shekiondo

Kila msimu wa maembe, wodi za mifupa hupokea watoto walioanguka mitini. Kauli yetu watu wazima ni ileile: "Shuka!" Tumekataza miaka nenda miaka rudi, na watoto hawajaacha kupanda. Naona umefika wakati walimu, viongozi wa skauti na wa vikundi vya vijana wawapeleke watoto mitini wenyewe, kwa kamba, chini ya mtu anayeijua kazi hiyo.

Mchezo huo upo na una taratibu zake. Mwaka 1983 Peter Jenkins, Mmarekani aliyekuwa mpanda miamba kabla ya kuwa fundi wa kukata matawi, alianzisha chama cha Tree Climbers International jijini Atlanta, akawafundisha watu wa kawaida mbinu za mafundi wa miti. Kifuko chenye uzito hurushwa ili kupitisha uzi mwembamba juu ya tawi, kisha uzi huo huvuta kamba nene. Mpandaji huvaa kofia ngumu na mkanda unaoshika kiuno na mapaja. Hupanda kwa kusogeza juu fundo ambalo huteleza likiwa halina mzigo na kukaza mara tu uzito unapolirudia. Ndiyo maana huko Japani hata watu wenye ulemavu wa miguu hupandishwa, na ndiyo maana msichana ambaye nyumbani hukemewa akisogelea mwembe anaweza kufika juu sawa na kaka zake.

Pwani tuna wakwezi na wagema wanaopanda minazi kila siku kwa ustadi mkubwa. Lakini wao wako kazini, wameizoea kazi hiyo kwa miaka, na wengi hawana kamba ya kuwadaka wakiteleza. Tuwaheshimu, tusilitume darasa zima likawaige asubuhi moja.

Kazi kubwa iko kwenye maandalizi. Tumezoea kuzipima safari zetu kwa idadi: basi likijaa, safari imefana. Hii si ya namna hiyo. Kamba moja hupandwa na mtu mmoja, na mgeni anahitaji muda wa kupanda, kutulia na kushuka. Mkienda na kamba mbili na wanafunzi hamsini, wengi watashinda chini wakisubiri, na mtoto aliyechoka kusubiri ataparamia mti wa jirani bila kamba. Wapelekeni wanane au kumi, wengine waende wiki nyingine.

Mti nao uchaguliwe kabla ya siku yenyewe. Mratibu na mtaalamu wauzunguke na kuukagua. Uyoga kwenye mizizi, shimo kwenye shina, matawi makavu, nyuki, waya wa umeme unaopita karibu: lolote kati ya hayo latosha kuuacha. Mkwaju unafaa kutafutwa, kwa sababu mbao zake ni ngumu na matawi yake hustahimili upepo. Mkaratusi uepukwe, maana huweza kudondosha tawi hata siku tulivu. Tawi la kubeba kamba liwe hai na nene kama paja la mtu mzima, na kamba ipitie kwenye kipande cha bomba au ngozi ili isilichubue gome. Mti wa shambani una mwenyewe, na msitu wa hifadhi kama Pugu-Kazimzumbwi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ombeni kibali kwa maandishi, na wazazi nao watoe ridhaa yao.

Lisilo na mjadala ni uokoaji. Mtu akizimia huku ananing'inia kwenye mkanda, damu hukwama miguuni, na asiposhushwa upesi anaweza kufa. Kwa wageni, kamba ipite juu ya tawi na ifungwe chini ya shina kwenye kifaa cha kuteremshia, ili msimamizi aweze kumshusha mtu bila kumfuata juu. Ufungaji huo hulibebesha tawi karibu mara mbili ya uzito wa mpandaji. Kwa hiyo kabla mtoto yeyote hajapanda, watu wazima wawili watatu waining'inie kamba hiyo kwa pamoja wakiwa karibu na ardhi. Kamba yenyewe iwe ya kupandia. Ile ya kufungia mizigo ibaki kwenye mizigo. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma, rudini nyumbani.

Mwalimu na kiongozi wa vijana, nawasihi muianze safari hii mwaka huu, na muianze na watu wachache. Kabla ya kukusanya michango, jiulizeni: mtoto akikwama juu, nani atamshusha? Mkikosa jina la mtu aliyefunzwa, ahirisheni safari, na mchango wa kwanza uende kumsomesha mtu huyo.