Pitbull wa kipangu chako hatatulizwa na fimbo

Leo tuongee juu ya mbwa. Nawasikia wengine wakisema: vita vimetumaliza, watu wanalala chini ya turubai, na wewe unatuletea habari ya mbwa? Ndiyo, ninaileta, sababu inawagusa wale wale waliokimbia.

Tangu kambi za pembeni mwa Goma zivunjwe mwanzoni mwa 2025, jamaa ambazo hazikuweza kurudi vijijini zimeingia ndani ya kartie. Wengine wamepokelewa na ndugu, wengine wamepanga chumba kimoja watu wanane. Mtoto anatumwa maji asubuhi na bido la lita 20. Anapita mbele ya vipangu asivyovizoea. Nyuma ya mlango wa mabati kuna mbwa anayeruka na kufoka. Siku mlango umesahauliwa wazi, huyo mtoto ana bido mkononi na hana pa kukimbilia.

Maoni yangu ni haya: mwenye mbwa mkali ana deni kwa jirani zake, na deni hilo halilipwi kwa fimbo wala kwa mnyororo mfupi. Linalipwa kwa kumfundisha mbwa taratibu, kwa zawadi, mpaka aache kuona kila mpita njia kuwa adui.

Tuanze na jina. Hapa mjini tunaita pitbull mbwa yeyote mwenye kichwa kipana, kifua kikubwa na manyoya mafupi. Ndani ya jina hilo wamo American Pit Bull Terrier, American Staffordshire Terrier na ndugu zao, pamoja na chotara wengi ambao baba yao hajulikani. Mababu zao walitumiwa Uingereza kupiganishwa na mafahali, mchezo uliokatazwa na sheria mwaka 1835, na baadaye wakapiganishwa wao kwa wao. Sifa yao mbaya ilianzia huko.

Lakini damu haielezi yote. Mwaka 2022, wachunguzi wa Marekani walitoa matokeo ya kazi yao juu ya mbwa zaidi ya elfu 18. Waliona kwamba aina ya mbwa inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Hiyo haina maana kwamba pitbull ni kondoo. Ana nguvu, na akiuma, jeraha linaweza kuwa kubwa. Ndiyo maana mwenye pitbull ana kazi kubwa zaidi kuliko mwenye mbwa mdogo.

Sasa, kwa nini anafoka? Mara nyingi ni woga. Angalia namna tunavyowalea. Mtoto wa mbwa anatolewa kwa mama yake mapema, anafungwa mnyororo, haonyeshwi mtu mwingine isipokuwa wa nyumbani. Vijana wanampiga mawe ya volkano kupitia tundu la ukuta ili wacheke. Usiku anasikia milio ya risasi. Mbwa wa namna hii akiona motari, chukudu imepakia makaa, au mtoto mwenye bido, anabweka kwa nguvu zake zote. Anasema: ondoka! Na mpita njia anaondoka kweli, sababu alikuwa anapita tu. Mbwa yeye anahesabu vingine: nimebweka, ameondoka. Kesho atabweka zaidi.

Hapo mwenyewe anatoka na fimbo. Mbwa anapigwa kila mara mtoto anapopita. Ndani ya kichwa chake, mtoto na maumivu vinakuwa kitu kimoja. Tena, akipigwa kwa sababu ya kunguruma, anajifunza kunyamaza tu. Hasira na woga vinabaki palepale. Kunguruma ni onyo. Mbwa aliyenyang'anywa onyo atauma bila kukuambia. Watu watasema alibadilika ghafula, kumbe alifundishwa hivyo.

Kuna kisa kimoja kinachojulikana dunia nzima. Mwaka 2007, jimboni Virginia, Marekani, polisi waliingia kwenye shamba la Michael Vick, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Atlanta Falcons. Walikuta pitbull zaidi ya 50 waliofugwa kwa ajili ya kupiganishwa. Vick alihukumiwa kifungo cha miezi 23. Lakini mbwa je? Wengi walitaka wauawe wote, hata baadhi ya mashirika makubwa ya kutetea wanyama. Mahakama haikukubali. Iliamuru kila mbwa apimwe peke yake, na Vick alipe dola zaidi ya laki 9 kwa matunzo yao.

Matokeo yalishangaza watu. Kati ya mbwa 49 hivi waliopimwa, ni mmoja tu aliyeuawa kwa sababu ya ukali. Wengi wao walionekana kuwa waoga tu: wanatetemeka, wanalala chini kabisa, wanakataa kutembea. Mbwa 22 walipelekwa Utah, kwenye hifadhi ya Best Friends Animal Society, ambako walifundishwa kwa uvumilivu, kwa chakula na sauti tulivu. Wengi walipata nyumba za watu. Wengine wao waliishia kutembelea wagonjwa wa kansa hospitalini, na mmoja alikuwa akilala kando ya watoto wanaojifunza kusoma kwa sauti. Kama mbwa waliotoka kwenye uwanja wa damu waliweza, huyu wako aliyefungwa kwenye mwembe hawezi?

Njia yenyewe haina uchawi. Kwanza, mwenye mbwa atafute umbali. Kama mbwa anaanza kufoka mtu akiwa mita 10, yeye aanzie mita 20, mahali ambapo mbwa anamwona mtu lakini bado anaweza kula. Mbwa akikataa chakula, ujue mko karibu mno. Rudi nyuma.

Pili, mtu aonekane kwanza, chakula kifuate. Mbwa amemwona mtoto mwenye bido, apewe kipande cha sambaza kavu isiyo na chumvi. Mtoto akipotea, sambaza nazo ziishe. Ukirudia hivyo dakika 5, mara 2 kwa siku, siku nyingi, mbwa ataanza kumwona mtoto na kukugeukia wewe, kana kwamba anauliza: sambaza iko wapi? Hapo ndipo moyo wake umeanza kubadilika. Ndipo unasogea mita moja, si tano.

Tatu, usimwache arudie kosa wakati haupo. Ziba matundu ya mlango ili asione njia. Weka kufuli mbili. Ukitoka naye, tumia kamba imara, na umvalishe kikapu cha mdomo chenye nafasi ya kuhema na kunywa maji. Mzoeshe kikapu hicho kwa kuweka sambaza ndani yake, aingize mdomo mwenyewe.

Nne, acha fimbo. Mwaka 2021, chama cha waganga wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilisema wazi kwamba mbwa wote, hata wakali, wafundishwe kwa njia ya zawadi, na kwamba kuwatia maumivu kunaongeza hatari.

Atakayesema hiyo ni mambo ya Wazungu, aangalie Morogoro, Tanzania. Pale kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akipata harufu anasikia mlio mdogo, kisha anapewa chakula, kama vile ndizi. Panya mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu kutoka Uingereza. Nani angempiga panya fimbo ili anuse bomu? Hata hapa kwetu, Rumangabo, walinzi wa Mbuga ya Virunga walitumia mbwa wa kunusa kufuata nyayo za majangili. Pua ya mbwa hailazimishwi. Inaombwa, na inalipwa.

Najua swali litakalokuja, na ni la haki: watoto wetu wamelala njaa, ninyi mnataka mbwa ale sambaza? Jibu langu: simwombi aliyekimbia vita amlishe mbwa wa mtu. Deni ni la mwenye kipangu. Na hata yeye hahitaji kuongeza chakula. Achukue sehemu ya kile ambacho mbwa angekula jioni, akigawe vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha, ampe kwa kazi badala ya kumwaga kwenye sahani mara moja. Mwenye uwezo wa kununua pitbull ili jirani wamwogope, asituambie hana uwezo wa sambaza kumi.

Wengine watasema: mbwa akizoea watu, nani atalinda? Mbwa aliyefundishwa bado anabweka usiku mtu akiruka ukuta. Kinachobadilika ni kwamba anajua kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani. Mbwa anayefoka mchana kutwa kwa kila kitu, nani tena anatoka kumwangalia akibweka saa nane za usiku?

Nisidanganye watu: si kila mbwa atapona. Yupo aliyeumia sana moyoni, au aliyekwisha kuuma watu vibaya. Huyo abaki ndani, mbali na watoto, na mganga wa mifugo atoe shauri. Na kila mbwa, mpole kwa mkali, apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa hesabu ya OMS, ugonjwa huu unaua watu elfu 59 hivi kila mwaka duniani, na watu 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, mtu haponi.

Kwa hiyo ninyi akina mama na akina baba mliopokelewa katika kartie, waambieni watoto haya jioni ya leo. Mbwa akikukimbilia, usikimbie na usipige kelele. Simama kama mti, mikono chini, usimkazie macho. Bido liweke mbele yako. Mbwa akituliza mwili, rudi nyuma polepole. Usimguse mbwa anayekula, anayelala au aliyefungwa. Na akikuuma, hata kidogo, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama kitakauka.

Kwa mashefu wa avenue, ombi langu ni dogo. Mnajua vipangu vyenye mbwa wakali kuliko mtu yeyote. Pitieni, muulize kadi ya chanjo, muangalie kufuli, mumweleze mwenyewe kwamba njia ya maji ni ya wote.

Na wewe mwenye pitbull, kesho asubuhi, kabla watoto wa maji hawajaanza kupita, weka sambaza chache mfukoni, mshike mbwa wako kamba, musimame mbali na mlango. Fimbo iache ndani.