Pikipiki ikichakacha, sikiliza kabla ya kufungua mkoba

Siku utakayofika Ukunda, simama kidogo kwenye steji ya bodaboda pale ambapo barabara ya kuelekea ufuo wa Diani inaachana na ile kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Tega sikio. Pikipiki zimesimama zikinguruma polepole, zikingoja abiria. Nyingi zina mlio laini. Lakini hukosi kusikia moja inayochakacha ubavuni mwa injini, kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo. Mwenyewe ameshauzoea mlio huo. Akiongeza moto kidogo unapotea, naye hujiambia kwamba chombo ni kizima.

Mara nyingi mlio wa namna hiyo hutoka kwenye mnyororo. Si ule wa nje unaozungusha gurudumu la nyuma, bali ule wa ndani ya injini ambao wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho. Mafundi huuita cheni ya taiming. Na dawa moja ambayo fundi huweza kukupendekezea ni hii: ng'oa tenshena ya otomatiki, weka ya mkono. Je, ni dawa kweli, au ni kuhamisha ugonjwa kutoka chumba kimoja hadi kingine? Hilo ndilo tutakalolitazama leo, kwani familia nyingi za mjini zimenunua pikipiki na kuzipeleka nyumbani zikafanye kazi, na zinategemea hesabu ya kila jioni kulipia karo.

Kwanza, tujue kazi ya mnyororo huo. Ndani ya injini ya pikipiki kama Bajaj Boxer au TVS Star, kuna mhimili mkuu chini unaozungushwa na pistoni, na mhimili mdogo juu, kemshafti, unaofungua na kufunga vali. Mnyororo wa taiming ndio unaoiunganisha mihimili hiyo miwili. Gia ya juu ina meno mara mbili ya gia ya chini, hivyo mhimili mkuu ukizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja tu. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kemshafti huzunguka mara 3,000, ndiyo kusema kila vali hufunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja. Hapo hakuna nafasi ya kuchelewa hata chembe.

Mnyororo, kama kamba ya kisimani, hulegea kwa kutumika. Vipini vyake vinalika na urefu unaongezeka kidogo kidogo. Ndiyo maana upande wake mmoja umeegemezwa kipande kirefu kilichopinda, kilichofunikwa kwa mpira mgumu, na nyuma ya kipande hicho kuna tenshena inayokisukuma ili mnyororo usilegee. Tenshena ya otomatiki ina springi ndani yake. Kadiri mnyororo unavyorefuka, springi husukuma mbele, na meno madogo au skrubu iliyomo ndani huizuia isirudi nyuma. Mwenye pikipiki hana la kufanya. Kazi inajifanya yenyewe.

Taabu huanza springi inapochoka au meno yale yanapolika. Tenshena hurudi nyuma, mnyororo huyumba na kugonga kuta za ndani, nawe wasikia ule mchakacho. Ukiupuuza, siku moja mnyororo huruka jino. Ukiruka meno kadhaa, vali huweza kubaki wazi wakati pistoni inapopanda, vikagongana. Vali hupinda, injini huzimika papo hapo, na sasa si tena habari ya kifaa kidogo cha ubavuni, bali ya kufungua kichwa cha silinda. Fikiria hayo yakitokea usiku, kati ya Gazi na Msambweni, na aliyepakiwa nyuma ni mama mja mzito anayewahishwa hospitalini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa tuje kwenye tenshena ya mkono. Hii haina springi. Ni bolti ndefu iliyopita katika kipande cha chuma, pamoja na nati ya kuifungia. Ukiikaza bolti, inasukuma kile kiegemeo cha mnyororo. Ukiifunga nati, inabaki pale pale ulipoiacha. Haiwezi kurudi nyuma kwa kuchoka kwa springi, kwa kuwa springi haipo. Si uvumbuzi mpya pia. Pikipiki nyingi za Honda za miaka ya 1970 zilihitaji mwenyewe alegeze bolti na kurekebisha mnyororo kila baada ya muda. Na huko Ulaya na Marekani, wenye Honda VTR1000F, pikipiki kubwa ya silinda mbili iliyotoka mwaka 1997, wengi wao wamezing'oa tenshena za otomatiki na kuweka za mkono, kwa kuogopa springi kukatika.

Lakini hebu tulinganishe, msomaji. Yule wa Ulaya huitoa pikipiki yake Jumamosi kwa matembezi, akirudi huifuta na kuiweka bandani. Ya kwetu huamka alfajiri kupeleka samaki, mchana hupakia watalii kwenda Galu na Kinondo, jioni hubeba mitungi ya maji, na pengine hupanda mlima kutoka Kombani hadi Kwale ikiwa na abiria wawili na gunia la nazi. Mnyororo wake hulika upesi zaidi. Na tenshena ya mkono, tofauti na ile ya otomatiki, haijui kwamba mnyororo umerefuka. Ni lazima mtu aijulishe kwa spana.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tenshena ya mkono haiondoi kazi ya kukaza mnyororo. Inaitoa kwa springi na kuikabidhi kwa binadamu. Kabla hujainunua, jiulize: binadamu huyo ni nani?

Tuseme wewe uko Mombasa au Nairobi, na pikipiki iko Ukunda mikononi mwa mpwa wako. Anakupigia simu. "Shikamoo shangazi. Pikipiki inalia ndani. Fundi asema tuweke tenshena ya mkono, tumalize maneno." Usiseme ndiyo wala la. Mwulize hivi: "Marahaba mwanangu. Je, fundi ameitoa ile ya zamani akaitazama? Imesukuma imefika wapi?"

Swali hilo moja laweza kukuokolea fedha nyingi. Tenshena ya zamani ikitolewa, fundi aibonyeze ncha yake kwa kidole gumba. Ikirudi ndani kwa urahisi, imekufa. Na ukipata mpya ya otomatiki iliyo halisi, huenda hiyo ndiyo dawa yote unayohitaji. Ikiwa haibonyei, lakini ncha yake imetoka karibu kufika mwisho, basi mgonjwa si tenshena. Ni mnyororo wenyewe uliokwisha, au kiegemeo chake kilicholika. Ukiweka bolti hapo utakuwa umeuziba mdomo mlio tu. Mnyororo uliochoka utaendelea kuchoka kimyakimya, na ukimya huo ndio wa kuogopwa.

Aidha, si kila mchakacho ni wa mnyororo. Vali zilizolegea hutoa mlio wa tik-tik unaofuatana na mwendo wa injini. Mafuta ya injini yakipungua, kila kitu hulia. Mwambie fundi apime mafuta kwanza, kisha vali, kisha aweke ncha ya bisibisi ndefu ubavuni mwa silinda na mpini wake sikioni, asikilize mlio unatoka wapi. Pia zipo pikipiki zisizo na mnyororo huo kabisa. Honda CG125, iliyobuniwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, hutumia vijiti vya kusukuma vali. Wahandisi walikuwa wamegundua kwamba huku pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na hazifanyiwi huduma ipasavyo, wakaona afadhali injini inayovumilia. Nyingi za pikipiki za Kichina zilizomiminika Kenya baada ya kodi ya VAT kuondolewa kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 zilinakili injini hiyo. Mwenye pikipiki ya namna hiyo akiambiwa anunue tenshena ya taiming, na atafute fundi mwingine.

Ikiwa umeridhika kwamba mnyororo ungali mzima, na umeamua kuweka ya mkono, hakikisha kazi inafuata utaratibu huu. Injini iwe imepoa. Plagi itolewe ili injini izungushwe kwa mkono bila shida. Fundi aizungushe hadi alama ya T kwenye gurudumu la magneto ilingane na alama ya kwenye kifuniko, vali zote mbili zikiwa zimefungwa. Kisha alegeze bolti ya katikati ya tenshena ya zamani ili springi ipumue, ndipo afungue zile mbili za kuishikilia. Kuanzia hapo, injini isizungushwe hata kidogo. Mnyororo hauna mshikaji, na kosa dogo laweza kuurusha jino.

Mahali palipotoka tenshena pasafishwe na gasketi iwe mpya, la sivyo mafuta yatavuja. Tenshena ya mkono ifungwe bolti yake ikiwa imerudishwa nyuma kabisa, kisha bolti hiyo ikazwe kwa vidole, si kwa spana, mpaka iguse kiegemeo na kukataa. Sasa injini izungushwe kwa mkono polepole, mizunguko miwili kamili, kwa upande ule ule inaozungukia ikiwa kazini. Ikikwama, isilazimishwe, kuna kitu hakiko sawa. Ikizunguka vizuri, alama ya T ikaguliwe tena, plagi irudishwe, na injini iwashwe.

Hapo sasa panahitaji sikio. Injini iachwe ipate moto, ikinguruma polepole. Ikichakacha, bolti ikazwe kidogo kidogo, chini ya robo ya mzunguko kila mara, mpaka mlio upotee. Unapopotea, basi. Nati ifungwe bolti ikiwa imeshikiliwa isizunguke nayo. Tamaa ya kuongeza kidogo "ili ishike vizuri" ndiyo inayoua injini. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi hutoa mvumo mwembamba, hula kiegemeo chake na kuutesa mhimili wa juu. Na kumbuka kwamba silinda ya aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko mnyororo wa chuma, kwa hivyo uliokazwa sana asubuhi injini ikiwa baridi, utakuwa umekazika zaidi saa sita mchana barabarani.

Mwisho, pakwa tone la rangi juu ya nati na bolti kwa pamoja. Rangi ikipasuka, nati imesogea, na yeyote ataona bila kuwa fundi. Bolti ikaguliwe baada ya siku ya kwanza, baada ya juma la kwanza, na baada ya hapo kila mafuta ya injini yanapobadilishwa. Ukiona kila mara inadai kukazwa, mnyororo unakuaga, nunua mwingine.

Basi nani aweke ya mkono? Mtu anayeendesha pikipiki yake mwenyewe, anayejua mlio wake kama mama ajuavyo kilio cha mtoto wake, na ambaye hubadilisha mafuta kwa wakati. Huyo itamfaa, tena itamwondolea wasiwasi wa springi. Lakini ikiwa pikipiki yako hupokezanwa na vijana wawili, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atakayeikagua, baki na ya otomatiki. Chombo cha wengi huharibika kwa kukosa mwenyewe. Kwa pikipiki ya aina hiyo, tenshena mpya ya otomatiki pamoja na mafuta safi ni ulinzi bora kuliko bolti ambayo haina wa kuikumbuka.

Na ukiamua kuweka ya mkono, kubaliana na mpwa wako mapema. Siku ya kubadilisha mafuta, akupigie simu akiwa bado kwa fundi, injini ikiwa imewashwa, nawe usikilize. Hutajua kila kitu kwa simu, lakini atajua kwamba kuna anayeuliza. Pia kubalianeni kwamba siku hiyo hesabu itapunguzwa. Kijana anayedaiwa hesabu kamili kila siku hatasimama kukagua bolti; atapita steji kwa steji na mchakacho wake mpaka injini ife. Ukimbana kwa shilingi chache leo, utazitoa nyingi kesho, na karo ya muhula itakwenda kwenye vali.

Nakutakia Jumapili njema, msomaji. Kama pikipiki iko uani, iwashe na uisikilize.