Kunakili Kiingereza Si Usomi

Umezuka miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu mtindo wa kuwacheka wanafunzi wa vyuo vikuu wanaojifunza kuandika Kiingereza cha kitaaluma kwa njia ya WhatsApp. Husemwa kwamba ni wavivu na kwamba msomi wa kweli hutoka maktabani. Dhihaka hiyo ni ya mtu aliyeshiba, anayemcheka mwenye njaa kwa namna anavyokula.

Hebu itazamwe hali halisi ya wilaya za Tarime na Serengeti. Mtoto wa mkulima wa huko huanza na Kikurya, Kingoreme au Kinata nyumbani. Darasa la kwanza hufundishwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza masomo hugeuka ghafla kuwa ya Kiingereza, lugha isiyotumika sokoni Mugumu wala malishoni. Miaka michache baadaye hudaiwa aandike tasnifu kwa lugha hiyo. Naye mwalimu anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, hufundisha kijijini huku maktaba ya chuo ikiwa mbali naye. Asipojifunza kwa simu, atajifunzia wapi?

Tatizo hili si geni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Hata hivyo walishauri lugha hiyo iendelee kufundishia. Mgonjwa alionekana hapati nafuu, akaandikiwa dawa ile ile. Deni la miaka hiyo ndilo analolipa mwanafunzi wa leo kwa bando lake mwenyewe.

Lakini kuwatetea vijana si kuisujudia simu. Kikundi cha WhatsApp hufaa kusahihisha sentensi: tahajia, nyakati za vitenzi, na vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza, ambavyo Kiswahili hakina. Uandishi wa kitaaluma hauishii hapo. Ni kutoa dai, kulitolea ushahidi, kutenganisha fikra za mwandishi na za wengine, na kumtaja mwenye mali. Hoja ya kurasa kumi haionekani katika ujumbe wa mistari mitatu. Ndipo baadhi huokota sentensi zilizopikwa na wengine wakazibandika, na kutoka hapo hadi kununua insha nzima ni hatua moja tu. Nchini Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, biashara ya kuwaandikia kwa malipo wanafunzi wa nchi za nje imeshamiri kwa miaka mingi. Uingereza ilitunga sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2022. Sasa zipo na programu za akili mnemba zinazotoa insha kwa dakika moja. Anayenakili bila kuelewa hajajifunza Kiingereza. Amekodi mdomo wa mwingine.

Yapo ya kufanywa. Kwanza, stadi ya kujenga hoja ifundishwe kwa Kiswahili tangu shule ya msingi. Mwalimu Nyerere, mwana wa Mara, aliyewatafsiria wananchi tamthilia za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, alikimudu Kiingereza bila kukidharau Kiswahili. Ajuaye kujenga hoja katika lugha moja ataijenga katika nyingine. Asiyejua atabeba maneno matupu. Pili, wahadhiri waingie katika vikundi hivyo, wasome rasimu na kuuliza ushahidi uko wapi. Tatu, walimu na watumishi wa umma waliohitimu, walioko Tarime na Serengeti, watenge saa chache wakati wa likizo wakae na vijana hao ana kwa ana, karatasi ikiwa mezani. Kazi hiyo haingoji waraka kutoka wizarani.

Elimu ya vijana hao imelipiwa kwa jasho la wakulima na wafugaji. Siku watakaporudi kueleza maradhi ya mifugo au mgogoro wa ardhi, wananchi hawatauliza Kiingereza chao kilinyooka kiasi gani. Watauliza wamejua nini. Aliyenakili hatakuwa na jibu kwa lugha yoyote.