Mashua Yenye Vitanda

Akina mama wenzangu, baba akitaja kununua mashua ya kuvulia, msikimbilie kukataa. Ulizeni kwanza kama ina mahali pa kulala.

Huko Florida, Marekani, wengi huweka mashua hizo katika bandari ndogo za kukodi nafasi. Yenye urefu wa futi 30 huweza kuwa na vitanda chini ya omo, jiko dogo, friji na choo. (Cha kuoshwa na nani, mmeshajua!) Ikiwa gatini huunganishwa na umeme wa nchi kavu. Familia hulala humo Ijumaa, na alfajiri hutoka kumfuata sulisuli, samaki anayejulikana sana pia Malindi na Watamu. Bahari ikichafuka, hubaki gatini wakikaanga samaki na kupiga soga. Mashua isiyo na chumba, mara nyingi baba huondoka nayo peke yake.

Kodi ya nafasi kwa kawaida huhesabiwa kwa futi, hata mashua isipotoka. Tena moshi wa injini na jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Kabla watoto hawajalala humo, bonyezeni king'ora cha gesi hiyo msikie kama kinalia.