Mwacheni na Bomba Lake Jembamba

Ijumaa, saa 5 usiku, hosteli.

Haya wadau, leo sina habari za desa wala za bumu. Nimekaa juu ya deka langu nimenuna, na ninaandika haraka haraka kwa sababu kesho saa 3 asubuhi kuna fremu inapelekwa kuuawa.

Kisa chenyewe ni hiki. Rumeti wangu kanunua fremu ya baiskeli ya mtumba, ya chuma, ya zamani. Mabomba membamba, yamechomekwa kwenye viungio na kulehemiwa kwa brasi. Foku imepinda kwenda mbele taratibu kule chini. Ina matundu ya kufungia madigadi na ina nafasi ya kutosha kuingiza tairi nene. Kwenye bomba la kiti kuna stika iliyochakaa, ila 531 inasomeka. Muuzaji aliitoa kwa bei ya kutupa, kwa macho yake ni "ya babu". Jamaa anataka kuisuka iwe baiskeli ya safari ndefu, likizo ikifika aipande mpaka kwao, kilomita mia mbili na ushee. Safi kabisa.

Jioni ya leo kikakaa kikao chumbani. Watu sita, wote walimu watarajiwa, wanne kati yao wa fizikia. Kikao kikatoka na maazimio matatu. Moja, lichomelewe bomba la pili la juu, "kama Foniksi". Mbili, foku iliyopinda itolewe, iwekwe nene iliyonyooka. Tatu, zinunuliwe tairi nyembamba, zijazwe upepo mpaka zilie kama ngoma, "ndo mwendo".

Nikatoka nikampitia fundi pale njia panda.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Eti kweli mnataka kuongeza bomba kwenye ile fremu?"

"Bomba lenyewe hili, mdogo wangu? Likikutana na shimo si linakunja! Tunalipa nguvu kidogo."

Simlaumu fundi hata kidogo. Maisha yake yote ametengeneza baiskeli za kubebea mkaa, maji na kreti za soda, na kwenye mkaa yuko sahihi asilimia mia. Foniksi lenye bomba mbili ni mashine nzuri kwa kazi yake. Ninaowamaindi ni nyie wanne wa fizikia. Nyie mmefanya mtihani wa kanuni ya Hooke, wengine mmeufanya mara mbili kwa sapu, na mwakani mtasimama mbele ya watoto kuifundisha. Halafu mnakaa kitandani mnasema "bomba nene ndo imara". Jamani!

Kwanza mjue hiyo baiskeli ilizaliwa kwa kazi gani. Wafaransa wanaiita randonneur. Si baiskeli ya mashindano, si ya mizigo mizito. Ni ya mtu anayekwenda mbali sana, mchana na usiku, akiwa na begi dogo, taa, madigadi na vipande viwili vya mkate. Safari kubwa kuliko zote za aina hiyo ni Paris-Brest-Paris. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano, na mwaka 1931 watu wa kawaida wasio wanamashindano wakapata safari yao kwenye njia hiyo hiyo. Leo inafanyika kila baada ya miaka minne, ya karibuni ilikuwa 2023. Ni kilomita kama 1,200, milima ukiijumlisha inapita mita 10,000, na ukomo ni saa 90. Piga hesabu: ni kilomita 13 na kidogo kwa saa. Unaona ni mteremko? Humo humo kuna kulala, kula, pancha na kugongesha muhuri kwenye kadi kila kituo. Hakuna anayeshindwa kwa sababu alikosa spidi dakika kumi. Watu wanashindwa kwa shingo, viganja, makalio na miguu iliyokufa. Kwa hiyo mafundi wa Paris waliotengeneza baiskeli hizi, akina René Herse na Alex Singer, walikuwa na swali moja: huyu mtu atafikaje akiwa bado mtu?

Sasa twende azimio kwa azimio.

AZIMIO LA KWANZA, BOMBA LA PILI

Mmechanganya vitu viwili ambavyo mwalimu wa kidato cha tatu angewachapa nyote kwa kuvichanganya. Kuna ukakamavu, yaani kukataa kupinda. Na kuna uimara, yaani kukataa kuvunjika. Mwanzi unapinda na hauvunjiki. Chaki haipindi kabisa, na nyote mnajua inavyoishia.

Chuma cha bomba la maji na chuma cha fremu ya bei mbaya, moduli ya Young ni karibu ile ile, kama gigapaskali 200. Kwa hiyo 531 haina ukakamavu wa ajabu. Reynolds wa Birmingham waliileta mwaka 1935, chuma chenye manganizi na molibdeni, ili kiwe imara zaidi. Kikiwa imara zaidi, ukuta wa bomba unaweza kupunguzwa bila bomba kuvunjika. Na ukuta wenyewe hauko sawa kote. Tangu mwaka 1897 Reynolds walikuwa na hataza ya bomba lenye ukuta mnene mwishoni na mwembamba katikati, kwa mfano milimita 0.8 kwenye maungio na 0.5 katikati. Mwishoni ndiko nguvu zinakojikusanya na moto wa kulehemu unakopita, basi chuma kimewekwa huko. Katikati hakuna kazi kubwa, chuma kimepunguzwa. Huo wembamba mnaouonea huruma ndio kitu alicholipia mnunuzi wa kwanza.

Chukua karatasi tano za fotokopi uzibane kwa vidole. Huo ndio unene wa nusu milimita. Bomba lenu la pili litatua katikati ya bomba la kiti, pale ukuta ulipo mwembamba, na fundi ana mashine ya kuchomelea ya vijiti, ile anayoungia mageti. Mtatoboa! Na msipotoboa, mtakuwa mmepika chuma ambacho hakikutengenezwa kwa moto huo. Brasi inayeyuka kwenye nyuzi kama 900, chuma chenyewe karibu 1,500. Waliochagua kulehemu walichagua makusudi. Mnataka kuongeza nguvu, mnakwenda kupanda mbegu ya ufa.

Tuseme mmefanikiwa. Mmepata nini? Ukakamavu. Kwa bomba lenye ukuta mwembamba, ukakamavu wa kupinda unakwenda na kipenyo mara tatu, yaani kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo. Bomba la juu la milimita 25.4 ukilifanya 28.6 kwa ukuta ule ule, tofauti unayoiona kwa macho ni ndogo, lakini ukakamavu umepanda kama asilimia 40. Ninyi hamwongezi milimita tatu, mnaongeza bomba zima. Mtu wa kilo 60 na begi la kilo 4 anahitaji hilo la nini? Kuna jarida la Marekani, Bicycle Quarterly la Jan Heine, walitengenezewa fremu zinazofanana kwa nje, tofauti ikiwa mabomba tu, na waendeshaji hawakuambiwa wako kwenye ipi. Baadhi yao walitoa nguvu zaidi kwenye zile zinazonyumbuka, kama vile fremu na mguu vinacheza ngoma moja. Waendeshaji walikuwa wachache na wako wanaobisha mpaka kesho, sawa. Lakini hata hao wanaobisha sijawasikia wakisema mtu mwepesi aongezewe bomba.

AZIMIO LA PILI, FOKU ILIYONYOOKA

Hapa ndo mlinimaliza. Eti foku "imepinda, itakuwa iligongwa". Ilipindwa na fundi kwa makusudi mawili.

La kwanza, mikono ya foku ni miembamba zaidi kule chini, na pale ndipo mtikisiko wa barabara unapofika kwanza. Inanyumbuka kidogo, viganja vinapona. Fremu yenyewe ya pembetatu hainyumbuki kwenda juu na chini kwa kiasi cha kuhisi, hata iwe ya babu gani. Foku ndiyo inayofanya kazi hiyo, baada ya tairi.

La pili ni uongozaji. Chora mstari wa shingo ya usukani mpaka uguse ardhi, halafu weka alama pale tairi linapogusa ardhi. Umbali kati ya alama hizo mbili tuuite treili. Chukua gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 334 pamoja na tairi, na shingo iliyolala nyuzi 73. Foku ikipinda mbele milimita 65, treili inatoka kama 34. Ikipinda 45 tu, inatoka kama 55. Fanyeni hesabu wenyewe, ni trigonometria ya sekondari. Treili fupi haiyumbishwi na begi la mbele, inakwenda pale unapoitazama, hata saa 9 usiku ukiwa umechoka. Treili ndefu ukiitundikia begi mbele, usukani unaanza kuwa na mawazo yake. Wafaransa walibeba begi mbele kwa sababu unachukua mkate na koti bila kushuka. Mkibadilisha foku, basi na begi mtalihamisha nyuma, halafu fremu nyembamba yenye mzigo nyuma inatikisa mkia. Ndipo mtakaposema, "si tulisema ni dhaifu?"

AZIMIO LA TATU, TAIRI ZA KULIA KAMA NGOMA

Tairi jembamba lililojaa upepo linahisi lina mwendo kwa sababu linakutetemesha. Mtetemeko si mwendo! Kila kokoto linapokurusha juu, kuna nishati imetoka mguuni mwako ikaishia kwenye nyama ya mapaja kama joto. Paul de Vivie, mzee wa Saint-Étienne aliyefahamika kwa jina la Vélocio, alikuwa anahubiri tairi pana na giya za kubadilisha karne zaidi ya moja iliyopita. Alifariki mwaka 1930, wenye mashindano wakiwa bado wanamcheka. Leo hata waendeshaji wakubwa wa Ulaya, ambao miaka ya 2000 walipanda milimita 23, wanapanda 28 na zaidi. Mzee alikuwa sahihi, basi tu hakuwa na jezi nzuri.

Fremu ile inaingia tairi la milimita 42 kwenye rimu ya 650B, ile ya milimita 584, na madigadi juu yake. Mtu wa kilo 60 ajaze psi 40 mpaka 45, asikilize. Tairi pana linabonyea milimita kadhaa pale ambapo fremu haibonyei hata moja. Ndio maana nasema asilimia kubwa ya raha ya baiskeli inanunuliwa kwenye duka la tairi.

NA NYIE WENZANGU WAPENDA CHUMA

Msichekelee, nanyi mna lenu. Mnapenda kusema "chuma ni laini, alumini inaumiza". Porojo. Alumini ina moduli ya kama 70, theluthi ya chuma. Fremu za alumini huwa kakamavu kwa sababu zimejengwa kwa mabomba makubwa, na sababu moja ya kuyafanya makubwa ni kwamba alumini haivumilii kupindapinda milele kama chuma kinavyovumilia mizigo midogo. Ukijenga fremu ya chuma kwa bomba nene na tairi jembamba, itakung'oa meno vile vile. Chuma hakikupi raha. Kinakupa ruhusa ya kujenga chembamba na kikadumu. Mkiitupa ruhusa hiyo, mmebaki na uzito tu.

Na ninakiri: kama rumeti angekuwa na kilo 95, au angetaka kubeba gunia nyuma, ningemwambia auze ile fremu anunue nyingine. Ningemwambia abadilishe fremu, siyo aichomelee. Kila fremu ina mtu wake na mzigo wake. Kosa lenu ni kutaka kila baiskeli iwe ya mkaa.

Sasa rumeti, najua unasoma hii kwa simu hapo chini ya deka langu na unajifanya umelala. Hela uliyotenga ya kuchomelea, nunua tairi pana. Foku iache. Madigadi yafunge. Begi liweke mbele, dogo, chini. Mpelekee fundi kazi anayoiweza kuliko sisi wote: apange rimu, apake grisi beringi, akaze spoku. Atakuelewa ukimweleza mzigo ni kilo 4 na si gunia. Mi mwenyewe nitakusindikiza saa 3, nimheshimu na kumwomba radhi kwa kumpotezea muda.

Nyie wanne wa fizikia, swali la nyumbani: bomba la 28.6 likifanywa 31.8, ukuta ule ule, ukakamavu unapanda kwa asilimia ngapi? Mwenye jibu aje chumbani na chai. Asiye nalo asiguse fremu ya mtu.

Nawasilisha. Usiku mwema.